Wanachoonyeshwa Wageni wa Kibera

Ziara ya Kibera ina njia yake iliyozoeleka. Wageni hukutana na mwongozaji penye lami, hushuka vichochoroni mmoja nyuma ya mwingine wakikwepa mitaro, hupita kwenye shule au makao ya mayatima, kisha huingia karakana ambamo vijana hukata mifupa ya ng'ombe kwa msumeno, huing'arisha na kuitia rangi hadi iwe shanga na vipuli. Huonyeshwa choo cha jamii chenye mtambo wa kugeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia. Hupelekwa kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, kuta za udongo na paa la mabati, pazia likitenganisha kitanda na jiko, ambamo mwenyeji hueleza ni watu wangapi hulala humo na kodi ni kiasi gani. Na mahali fulani njiani hupanda tuta la reli, na hapo ndipo simu zote hutolewa mifukoni, kwa sababu ukiwa juu ya reli unayaona mabati yenye kutu yakifuatana bondeni mpaka macho yanapokomea.

Mjadala juu ya ziara hizi umezunguka kwa miaka mambo mawili, kamera na shilingi. Agosti 2010 Kennedy Odede, aliyekulia Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO, aliandika katika gazeti la New York Times kuzipinga. Alikumbuka alivyokuwa na miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao, mwanamke wa Kizungu akampiga picha, naye akajihisi kama mnyama aliyefungiwa. Watetezi wa ziara wakajibu, na bado wanajibu, kwamba mgeni huacha fedha, hununua shanga, hulipa kijana wa mtaani ambaye asingekuwa na kazi nyingine, na hurudi kwao akiwa ameijua dunia kuliko alivyokuja. Pande zote mbili zina ukweli. Lakini nadhani zote zinapita kando ya madhara makubwa zaidi, ambayo hayaonekani siku ya ziara. Ziara inauonyesha umaskini bila kuonyesha ulikotoka. Mtaa usio na historia huonekana kama mtaa usio na wenyewe, na mtaa usio na wenyewe ni rahisi kuubomoa. Hayo yametokea zaidi ya mara moja, katika miji zaidi ya mmoja.

Desturi yenyewe haikuzaliwa Afrika. Katika miaka ya 1880 watu wenye nafasi wa London walianza kwenda East End kutazama maskini, wengine wakisindikizwa na polisi, wengine wakivaa nguo chakavu ili wasitambulike. Mwaka 1883 mchungaji Andrew Mearns alitoa kijitabu kuhusu vyumba vya maskini wa jiji hilo kilichowashtua wasomaji wa tabaka la kati. Mwaka uliofuata Toynbee Hall ilifunguliwa Whitechapel ili vijana wa vyuo vya Oxford na Cambridge waishi karibu na maskini, na tume ya kifalme ya makazi ya wafanyakazi ikaundwa. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa mrithi wa kiti cha Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, na alijificha katika mavazi ya kawaida akaenda kujionea mwenyewe vichochoro vya St Pancras na Holborn. Mwandishi Mmarekani Jack London, aliyekwenda East End mwaka 1902, anasimulia kwamba alianza kwa kuomba msaada katika ofisi ya wakala wa safari Thomas Cook. Wakala huyo aliyekuwa tayari kumfikisha mtu hata Tibet hakujua la kufanya na mteja anayetaka kwenda sehemu ya jiji lile lile. East End ilikuwa karibu kwa miguu, lakini katika akili za watu ilikuwa nchi ya mbali.

Matokeo ya macho yale ndiyo ya kuzingatia. Upande wa mashariki wa London palikuwa na mtaa ulioitwa Old Nichol, uliojulikana kwa uchafu na uhalifu kuliko karibu mtaa wowote wa jiji. Kwa nguvu ya sheria ya makazi ya 1890, baraza la jiji liliuvunja wote, na mwaka 1900 mrithi yule yule akafungua majengo mapya ya matofali mekundu yaliyosimamishwa mahali pake. Karibu watu 5,700 walikuwa wameondolewa, na waliorudi kukaa katika nyumba mpya walikuwa wachache mno, kwa sababu kodi yake ilikuwa ya mafundi wenye kazi za kudumu, siyo ya wachuuzi na washonaji waliokuwa wakiishi pale. Waliobaki walisogea mitaa ya jirani na kuijaza zaidi. New York nayo ilipita njia hiyo hiyo. Charles Dickens alipelekwa kutazama mtaa wa maskini wa Five Points akiwa na polisi mwaka 1842. Mwisho wa karne hiyo mtu mmoja wa Bowery, Chuck Connors, alikuwa akiwaongoza watalii Chinatown na kuwaonyesha mapango ya kasumba yaliyopangwa makusudi, wavutaji wake wakiwa wamelipwa kuigiza. Jacob Riis, mwandishi wa habari aliyetumia kamera kwa nia njema kabisa, aliipigia kelele Mulberry Bend mpaka ikabomolewa, na bustani ikafunguliwa mahali hapo mwaka 1897. Bustani ilikuwa kitu kizuri. Lakini familia za Kiitaliano zilizokuwa zikilipa kodi katika vyumba vile ilibidi zijitafutie kwingine, maana katika picha zilizowagusa watu, familia hizo zilikuwa ushahidi wa uchafu, na ushahidi hauulizwi unataka kuishi wapi.

Kuna jibu la haraka hapa, kwamba bila macho hayo sheria za makazi zisingekuja. Nalikubali kwa sehemu kubwa. Sheria ya London ya 1890 na ile ya New York ya 1901, iliyolazimisha mwanga, hewa na vyoo katika nyumba za kupanga, ziliwanufaisha watu wengi waliokuja baadaye. Ninachokisisitiza ni kwamba waliotazamwa hawakuwa wale walionufaika, na sababu haikuwa bahati mbaya. Mgeni alifundishwa kuona hali mbaya, hakufundishwa kumwona mpangaji mwenye madai. Kwa hiyo dawa iliyomjia akilini ilikuwa kuondoa hali, na watu wakaondolewa pamoja nayo.

Afrika Kusini inaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Kabla ya maandamano ya wanafunzi ya Juni 1976, mamlaka zilizoitawala Soweto chini ya ubaguzi wa rangi ziliendesha ziara rasmi za mabasi. Mgeni alipitishwa kwenye zahanati, shule za chekechea na safu za nyumba za matofali ili aondoke akiamini kwamba serikali inawatunza Waafrika vizuri. Ilikuwa ziara iliyofuta historia kwa makusudi: haikueleza ni nani aliyehamishwa kwa nguvu kutoka mtaa wa Sophiatown, wala kwa nini watu walilazimika kutembea na pasi. Baada ya ubaguzi huo kwisha mwaka 1994 barabara zile zile zilianza kusimuliwa kwa namna nyingine. Nyumba ya Mandela katika mtaa wa Vilakazi ikawa makumbusho. Mwaka 2002 yakafunguliwa makumbusho ya Hector Pieterson, mtoto aliyeuawa kwa risasi za polisi tarehe 16 Juni 1976. Mgeni wa Soweto leo anafika kwa sababu ya jambo ambalo watu wa Soweto walilifanya. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa ni lazima nikiri upungufu wake. Kliptown, ambako Mkataba wa Uhuru ulipitishwa mwaka 1955, ina uwanja mkubwa wa kumbukumbu, na ng'ambo ya reli yake watu wameendelea kwa miaka mingi kuishi katika vibanda visivyo na vyoo vya maana. Historia iliyosimuliwa vizuri haileti bomba la maji. Inachofanya ni kuzuia mtu asiseme kwamba waliopo hapo hawana sababu ya kuwepo.

Basi Kibera ilitoka wapi? Ilianza na askari. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza Frederick Lugard alichukua wanajeshi wa Kisudani waliokuwa wamebaki karibu na Ziwa Albert baada ya utawala wa gavana wao, Emin Pasha, kuporomoka, nao wakawa uti wa majeshi ya Waingereza Uganda na hatimaye wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Tangu karibu 1904 askari hao na familia zao, ambao leo tunawajua kama Wanubi, waliruhusiwa kukaa katika pori lililokuwa kando ya Nairobi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikalitangaza rasmi eneo hilo kuwa hifadhi ya jeshi, lenye ekari 4,197. Askari mstaafu alipewa kibali cha kujenga na kulima shamba, lakini hakupewa hati. Walipigana vita vya Mfalme, wakalipwa ruhusa ya kukaa ambayo ingeweza kuondolewa wakati wowote.

Ruhusa isiyo hati ndiyo mzizi wa karibu kila kitu ambacho mtalii anakiona. Usimamizi ulipohama kutoka jeshini kwenda kwa maafisa wa kiraia mwishoni mwa miaka ya 1920, Kibera iligeuka kuwa kero kwa watawala: ardhi nzuri karibu na mji wa Wazungu, mikononi mwa Waafrika Waislamu wasio na kabila katika ramani za hifadhi, wanaotengeneza pombe kali na kuiuza. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwaona kuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari ya serikali tu, ingawa ilikubali kwamba serikali ina wajibu kwa askari hao wa zamani. Hawakuondolewa, hawakumilikishwa, wala hawakupelekewa barabara, mabomba au maji taka. Baada ya uhuru wa 1963 hali haikubadilika kisheria, ila ardhi ilianza kumegwa. Mitaa ya nyumba za matofali kama Jamhuri, Ngei, Otiende na baadaye Nyayo Highrise ilijengwa juu ya kile kilichokuwa Kibera, na nyumba zake zikaenda kwa watu wengine. Katika kipande kilichobaki machifu waliwapa watu ruhusa ya kusimamisha vyumba vya kupangisha, na mji uliohitaji wafanyakazi wa viwandani, majumbani na kwenye ujenzi bila kuwajengea nyumba ukawapata wapangaji wengi: Waluhya, Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii. Mwenye chumba hakuwa na hati, kwa hiyo hakujenga kwa mawe. Baraza la jiji lilisema mtaa haupo kisheria, kwa hiyo halikuchimba mitaro. Udongo, mabati na mtungi wa maji wa lita 20 unaonunuliwa kwenye kioski vilitokana na maamuzi hayo, na maamuzi hayo yana tarehe na sahihi za watu.

Umaarufu wa Kibera ulikuja kwa njia ya ujirani. Nairobi ndiyo makao ya shirika la Umoja wa Mataifa la makazi tangu 1978, na ni kituo cha waandishi wa habari wa kigeni na mashirika mengi ya misaada. Kibera iko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, ikipakana na uwanja wa gofu. Mwandishi aliyehitaji picha ya umaskini wa Afrika aliweza kuipata asubuhi na kurudi hotelini kula chakula cha mchana. Filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu Kibera, ilitoka 2005. Barack Obama, wakati huo seneta, alifika Agosti 2006. Januari 2007 Ban Ki-moon, wakati huo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifika, na mwezi huo huo Jukwaa la Kijamii la Dunia likaleta maelfu ya wajumbe Nairobi, wengi wao wakitaka kupelekwa Kibera. Ziara za kulipia zilikua juu ya njia ambazo wageni hao walikuwa wamezikanyaga.

Pamoja na wageni ikakua hadithi, na tunaweza kuipima kwa namba moja. Kwa miaka mingi mgeni aliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni 1 na kwamba ndiyo mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Hata ukiamini kwamba sensa iliacha wengi, na hesabu nyingine za wakati huo zilikaribia 250,000, umbali wa kufika milioni ni mkubwa sana. Namba ile kubwa iliwafaa wengi: shirika linaloomba fedha, gazeti linalotaka kichwa cha habari, kampuni ya ziara inayouza upekee. Haikumfaa mkazi. Watu milioni 1 ni janga ambalo hakuna serikali inayoweza kulitatua. Watu 200,000 kwenye kilomita za mraba mbili na nusu ni mji wa wastani uliokosa mabomba, na hilo lina bajeti na lina wa kuulizwa. Mwaka huo huo wa 2009 vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao, Map Kibera, kwa sababu katika ramani nyingi palikuwa pameachwa patupu. Mahali palipotembelewa na watu wengi kiasi kile, hakuna aliyekuwa ameandika majina ya vijia vyake.

Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walipoteza makazi, pamoja na shule, wakati mazungumzo juu ya namna ya kuwahamisha hayajakamilika. Sisemi kwamba watalii waliyaleta matingatinga. Barabara ilikuwa katika mipango ya jiji kwa miaka mingi, na serikali ya Kenya haiulizi ushauri wa watalii. Ninachosema ni kwamba miaka zaidi ya kumi ya macho ya dunia haikuwasaidia watu hao kitu siku ile. Kwa wale waliokuwa wameijua Kibera kama tamasha la uchafu, picha za kubomolewa zilionekana kama mwendelezo wa hadithi ile ile, na wengine waliona barabara kuwa maendeleo tu. Mbele yao hakuwepo mtu mwenye haki iliyovunjwa.

Ipo hoja ya riziki, nayo naiheshimu kwa sababu inatoka kwa watu wenye njaa. Mwongozaji kijana wa vijiji vya Kibera kama Gatwekera au Lindi anapata kwa ziara moja zaidi ya anachopata kwa siku kadhaa za kibarua, na mimi siwezi kumwambia aache. Ila tuangalie fedha hiyo inapokwenda. Inamfikia mwongozaji, karakana moja, shule moja, nyumba moja iliyo njiani. Maelfu wanaokatiziwa vichochoro vyao hawapati chochote, na hawakuulizwa. Halafu mwongozaji, hata awe mzaliwa wa pale, anauza kile ambacho soko limekuja kununua. Mgeni aliyetazama filamu anataka kuona alichokwisha kukiona, na saa tatu za matembezi hazina nafasi ya Tume ya Carter. Kumweka mwenyeji mbele ya kundi ni bora kuliko basi la wageni pekee, lakini peke yake hakubadilishi kinachosimuliwa.

Hoja nzito kuliko zote nimeisikia ikitolewa na watu wanaoijua Kibera vizuri: historia ya ardhi ni ya Wanubi, na Wanubi ni wachache. Ukiisimulia, si utakuwa unampa mwenye nyumba Mnubi silaha dhidi ya mpangaji? Hofu hiyo ina msingi. Mwishoni mwa 2001, baada ya Rais Moi kusema kodi za Kibera zipunguzwe, wapangaji na wenye nyumba walipigana, watu wakauawa na nyumba zikachomwa, na mgogoro wa kodi ukavaa sura ya kabila na dini. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi Wanubi hati ya ekari 288, ambazo ni pungufu ya asilimia 7 ya zile za mwaka 1918, furaha ya Makina, kijiji chao ndani ya Kibera, haikuwa furaha ya kila kijiji. Lakini kunyamaza hakukuzuia damu ya 2001. Mpangaji ambaye hajui kwamba mwenye nyumba naye aliachwa bila hati kwa karne nzima humwona kama mnyonyaji tu, na mwenye nyumba asiyetambua kwamba mpangaji ameishi hapo vizazi vitatu na kuujenga mji kwa mikono yake humwona kama mvamizi. Historia kamili ya Kibera ina askari, na ina pia mfanyakazi aliyetembea kwa miguu kila alfajiri kwenda Industrial Area kwa sababu nauli ilizidi mshahara. Wote wawili walinyimwa hati na mamlaka zile zile.

Sehemu ya kuanzia kuisimulia historia hiyo ipo tayari, nayo ni tuta la reli. Mwaka 2004 Shirika la Reli la Kenya lilitoa notisi ya siku 30 kwa waliojenga na kufanya biashara kando ya njia. Hawakuondoka. Wakazi walishiriki kuhesabu, nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda, ni nani anaishi wapi na anafanya nini, na baada ya miaka ya majadiliano shirika lilijenga nyumba na vibanda vya biashara kandokando ya reli kwa ajili ya waliohesabiwa, kukiwa na ukuta wa kuwatenga na treni. Mpango huo una kasoro zake, na wako wanaolalamika kwamba waliachwa. Hata hivyo ni watu waliopokea notisi ya mwezi mmoja wakaishia na funguo. Wageni husimama hapo hapo kwa picha, ukuta huo ukiwa mbele yao, na mara nyingi wanaelezwa tu kuhusu wingi wa mabati. Mwongozaji aliyekuwa mtoto wakati wa notisi ile anaweza kuwasimulia yote kwa dakika kumi, bila kusoma popote. Kampuni zinazopanga ziara zinapaswa kumpa dakika hizo, na kuziandika katika tangazo la ziara kabla mgeni hajalipa.